Nyimbo za Baridi ya Julai

Wingu la Julai likishuka juu ya Industrial Area ya Nairobi, moshi wa viwanda hukosa pa kwenda. Hutandaa juu ya mapaa ya Likoni Road na Lunga Lunga Road, huvuka reli na kuingia mitaa ya Kaloleni, Makongeni na Mbotela, ukachanganyika na ule wa majiko yetu ya makaa. Upepo wa kusi ndio unaoleta hali hiyo. Hubeba unyevu wa Bahari Hindi hadi huku kwetu, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na unyevu huo hugeuka ukungu na manyunyu yasiyotosha hata kutuliza vumbi. Jua huweza kupotea siku nyingi mfululizo. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na nyumba zetu za Kaloleni, zilizojengwa na wakoloni miaka ya 1940, hazikuwa na cha kuzuia baridi zaidi ya kuta zake na wingi wa watu waliolala ndani.

Nilikulia humo miaka ya 1970, na ninaamini kwamba kipupwe kina nyimbo zake. Hakuna aliyezichagua kwa kikao. Zilijichagua zenyewe.

Redio yetu ilikuwa ya betri, na stesheni ilikuwa Sauti ya Kenya. Betri zilipochoka, miezi mingine tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Julai hakukuwa na jua, basi mama alizipanga karibu na jiko, akatuonya tusizisogeze zaidi zisije zikapasuka. Kwa hiyo redio na moto vilikaa pamoja, nasi tukavizunguka. Baba akirudi kutoka shifti, viatu vimejaa tope la njia ya kuvukia reli, alinyoosha mikono juu ya makaa kabla ya kusalimu mtu.

Lakini shule yangu halisi ya muziki ilikuwa kwa mzee jirani, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja ng'ambo ya reli. Alikuwa na gramafoni na sanduku la santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri kama hiyo hubeba dakika tatu au nne tu, na nyimbo za bendi za Nairobi wakati huo zilizidi hapo. Basi wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: sauti mbili tatu zikiimba bila haraka, gita la solo likizijibu. Upande wa pili ulikuwa wa sebene, magita yakikimbizana, na hapo ndipo watu walipoinuka kucheza.

Desemba, kila mtu alidai upande wa pili. Julai mzee aliurudia ule wa kwanza. "Tulia, mwanangu," aliniambia nilipotaka kugeuza mapema. "Sikiliza kwanza mtu anasema nini."

Na walikuwa wakisema. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na kipupwe cha mwaka huo wimbo wake "Shida" ulisikilizwa mtaani kama wosia. Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, walikuwa wametoa "Charonyi ni Wasi" mwaka 1977. Iliimbwa kwa Kitaita, na katika safu yetu hakukuwa na Mtaita hata mmoja, lakini watu wazima waliijua kuwa ni habari ya mtu aliye mbali na kwao anayeona taabu, na hilo lilitosha. Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, wakaleta "Sina Makosa", ambayo besi yake peke yake ilitosha kupasha chumba joto. Halafu kulikuwa na "Lunch Time" ya Gabriel Omolo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuhusu wafanyakazi na saa yao ya chakula cha mchana. Sidhani kuna wimbo ulioijua Industrial Area kuliko huo. King'ora cha saa saba kikilia, ungewaona watu wake wakitoka getini: wenye pesa wakielekea kwa mama wa githeri, na wasio nazo wakitafuta ukuta wa kuegemea hadi saa nane.

Ninachokikumbuka kuliko hata nyimbo zenyewe ni kile kipindi cha kugeuza sahani. Sindano ilifika katikati, ikaanza kukwaruza, mtu akalazimika kuacha joto la jiko na kuinuka. Katika ule muda mfupi watu wazima walizungumza. Wimbo ulikuwa umewagusa mahali, na upande wa pili haujaanza kuwasahaulisha. Hapo ndipo nilipojua nani amepunguzwa kazini, nani ameandikiwa barua kutoka nyumbani kwamba mama yake hajiwezi, nani hana nauli ya kwenda. Mara nyingine mzee alisahau kabisa kugeuza.

Kaseti ndiyo iliyoziba pengo hilo. Miaka ya 1980, River Road ilijaa vibanda vya kunakili nyimbo, na mafundi wake waliunganisha pande mbili zikawa wimbo mmoja mzima. Tulifurahi sana. Matatu za Jogoo Road nazo zikapata spika, na dereva alijua abiria wanataka nini: akapeleka kaseti mbele moja kwa moja hadi kwenye sebene, hata asubuhi ya ukungu. Kisha zikaja stesheni za FM, kuanzia Capital FM mwaka 1996, na mtangazaji akawa anaingia na maneno yake na matangazo ya biashara kabla wimbo haujamalizika.

Kuna watu wa rika langu wanaosema kwamba tangu hapo vijana wa mitaa yetu ya Eastlands hawana nyimbo za kusikiliza. Siwaungi mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walitoa "Tafsiri Hii", na mimi niliposikia ule mwendo wake wa taratibu na taabu ya mtaa iliyosemwa waziwazi kwa Kiswahili, nilijua huo ni upande wa kwanza wa santuri. Mtindo wa gengetone uliovuma kuanzia 2018 na "Lamba Lolo" ya Ethic ni wa Desemba, na Desemba nayo ina haki yake.

Kilichopotea ni kusikiliza pamoja. Saa kumi na mbili asubuhi, wafanyakazi wanaotoka mtaa wa Mukuru kwa miguu kuelekea viwandani wamevuta kofia za sweta, na wengi wana visikizi masikioni. Kila mmoja ana wimbo wake. Huenda wawili wanaokwenda bega kwa bega wanasikiliza wimbo uleule wa kuhuzunisha, na hakuna atakayejua wala kumuuliza mwenzake habari za nyumbani. Hilo linanisumbua kuliko mabadiliko yoyote ya mdundo.

Jumamosi, kwa miaka mingi, Fred Obachi Machoka na kipindi chake cha Roga Roga katika Radio Citizen wamewarudishia watu rumba. Ombi langu kwa watangazaji wengine ni dogo: Juni hadi Agosti, pigeni wimbo mmoja mzima kila jioni, kuanzia neno la kwanza, bila kuukatiza. Nawe msomaji, kama mzee wako aliacha sanduku la santuri juu ya kabati, usilitupe na usiliuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kenyatta Market kuna kibanda kinachonunua na kuuza santuri hizo hadi leo.