Mchoreni na Mvi Zake

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kukaa matangani. Unajua kwamba msiba, pamoja na uchungu wake wote, una utaratibu: kuna siku ya kuzika, kuna siku ya kuanua matanga, na baada ya hapo majirani hurudi kwenye shughuli zao wakamwacha mfiwa aanze kupona taratibu. Lakini je, umewahi kukaa na mama ambaye mwanawe alitoka nyumbani mzima, asirudi, na habari zake zisipatikane? Huko hakuna ajuaye siku ya kuanua matanga, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuyaweka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kahama. Mdogo wangu wa kiume aliondoka mwaka 1994 kwenda kutafuta dhahabu, kama walivyofanya vijana wengi wa huku kwetu katika miaka ile. Alikuwa na umri wa miaka 22, na alimwacha mke ambaye ndoa yao ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Barua yake ya mwisho aliiandika akiwa Geita mwanzoni mwa mwaka 1996. Alisema duara lao halikuwa na kitu, na kwamba angehamia kwingine. Hakusema wapi.

Mwaka ule ulikuwa na mengi ya kutisha. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Baba yetu alisafiri hadi Mwanza kutazama maiti, akarudi bila jibu; miongoni mwa waliozikwa pale Igoma wamo ambao hawakutambuliwa. Miezi michache baadaye wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani kwetu, yakazuka madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni. Serikali ilikana, na ubishi juu ya jambo hilo ukaendelea kwa miaka mingi. Sisi hatukuwa na ushahidi kwamba ndugu yetu alikuwa melini wala Bulyanhulu. Tulitoa taarifa polisi, tukatangaza redioni, tukamhoji kila aliyerudi kutoka machimboni. Lakini machimboni watu aghalabu hujulikana kwa majina ya utani. Sisi tuliulizia jina alilopewa na mama yake, nalo huko halikujulikana.

Sasa nikueleze jambo ambalo kwa muda mrefu sikupenda kulisema. Mwaka 2002 wifi yangu alikuja kwa wazee akaomba aruhusiwe kuolewa tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kwamba mtu asiyesikika kwa miaka 5 na wale waliotarajiwa kupata habari zake huweza kuhesabiwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wifi alikuwa amesubiri miaka 6 tangu barua ile ya mwisho. Mimi, niliyesoma kuliko wote pale barazani, ndiye niliyesimama nikamwambia kwamba ana haraka ya kumzika mume aliye hai. Aliinama, akaaga, akaondoka bila baraka za mtu. Baadaye tulisikia ameolewa Isaka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu jina lake halikutajwa ila kwa kulaumiwa.

Baba alipofariki, mimi mwenyewe nilianza kuchoka. Nikamshauri mama tuwaite jamaa, tufanye ibada, tumalize. Alikuwa karibu kukubali. Ndipo likatokea lile la Nyangalata, huku huku Kahama. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa na kifusi, wakahesabiwa kuwa wamekufa; na tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu. Mama aliposikia habari hiyo redioni alizima redio, akaniita.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa upole kwamba siku 41 si sawa na miaka 19.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mwalimu, hesabu unaijua. Mimi ndiye niliyemzaa."

Sikurudia tena kutaja matanga.

Mambo yalikaa hivyo hadi binti yangu, anayesomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja likizo na kazi yake ya mwisho ya masomo. Alikusudia kuchora nyuso za watu waliopotea katika eneo la machimbo, hasa wale ambao jamaa zao hawana hata picha. Angekaa na kila familia, asikilize, achore, afute, achore tena, mpaka wenyewe waseme, "Huyu ndiye." Nakiri kwamba nilikasirika. Niliona ni kuchezea vidonda vya watu kwa ajili ya kupata alama za mtihani. Nilimwambia hivyo. Hakubishana nami, alichukua karatasi zake na makaa ya kuchorea akaenda kwa bibi yake.

Nilimfuata siku ya pili, nikakuta ukoo mzima umekusanyika. Mimi nilisema ndugu yangu alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Mjomba alisema la hasha, lilikuwa la kulia. Shangazi alisema hakuwa na kovu kabisa. Ndugu msomaji, tuliona haya. Sote tulidai kumkumbuka, kumbe kila mmoja alikuwa amejiundia wake. Mama peke yake alinyamaza. Mwishowe akauliza kwa nini mjukuu wake anachora kijana.

"Si ndivyo alivyoondoka, Bibi?"

"Ameondoka zamani. Mchoreni na mvi zake."

Binti yangu alitaka apate lau picha moja ya kuanzia, na bila kuniambia akapanda basi hadi Isaka. Jioni alirudi na picha ndogo ya paspoti, iliyofungwa katika kipande cha kanga. Kovu lilikuwa la kulia. Yule mwanamke tuliyemlaumu kwa kusahau ndiye pekee aliyekuwa ameihifadhi picha, tena kwa idhini ya mume wake wa pili. Binti yangu alimwuliza kwa nini hakutuletea miaka yote ile.

"Hawakuniuliza," alijibu. Akaomba picha irudishwe ikishatumika.

Niliirudisha mwenyewe. Wifi alinipokea kwa heshima zote, akanikaribisha chai. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyoyasema mwaka 2002. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza habari za mama. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai.

Binti yangu alichora nyuso 11. Ya mjomba wake ina mvi kidogo pembeni na kovu upande wa kulia. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akasema masikio siyo. Hata hivyo akaagiza itundikwe karibu na mlango. Bado hatujaweka matanga, nami sisukumi tena.

Msomaji, kama nyumbani kwako yuko kijana anayekwenda machimboni, mwambie aache jina la mahali aendako, na wenzake huko walijue jina lake halisi na la kijiji chake. Pigeni picha ya pamoja kabla hajaondoka. Kama yuko aliyekwisha potea, toeni taarifa polisi, na muulizeni Msalaba Mwekundu, ambao wana huduma ya kuwatafuta jamaa waliopoteana. Zaidi ya yote, tusiwapimie wengine muda wa kusubiri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini hata mke anao wake, nasi kwetu tulichelewa mno kuuona.