Unga Mchungu

Cucu, kule Gachoka, hakuwa anasaga mawele ya kupita wiki. "Unga ukikaa unakuwa mchungu," alisema. Chuoni nikajifunza sababu: punje ikisagwa, vimeng'enya hukutana na mafuta, laipesi huyavunja, lipoksijenesi huyaunganisha na oksijeni. Hata mafuta ya utando wa seli huharibika hivyo. Maabarani tulichemsha sampuli na asidi ya thiobabituri, ikawa ya waridi, mashine ikaisoma kwa nanomita 532. Cucu alipima kwa ulimi.

Desemba iliyopita alinipa uji mchungu ajabu, naye akanywa wake taratibu.

"Ni mtamu, ama?"

"Sana, cucu."

Nikamaliza kikombe. Kesho yake asubuhi nikapeleka mawele mapya kusagwa, bila kumwambia.