Safari ya Kwenda Kutazama Vinu vya Upepo

Jumamosi ijayo, mvua ikituhurumia, tutakwenda Zaanse Schans, kijiji cha vinu vya upepo kaskazini mwa Amsterdam. Treni haichukui hata nusu saa. Chakula tutabeba wenyewe, kwani bei za mahali pa watalii hazina huruma kwa familia ya watu watano. Ratiba imekwisha kupangwa. Lisiloafikiwa bado ni kile nitakachowaambia watoto.

Mama yao asema niwaache waone mabawa yakizunguka, waonje jibini, wapige picha karibu na viatu vya mbao. Ana haki: siku ya mapumziko si mhadhara. Lakini vinu hivyo havikujengwa kwa ajili ya picha. Katika karne ya 18 eneo la Zaan lilikuwa na mamia ya vinu, vikisaga, vikikamua mafuta, vikipasua magogo. Baada ya Cornelis Corneliszoon kupewa hataza ya kinu cha kupasulia mbao mwaka 1593, Waholanzi waliweza kuunda meli upesi na kwa gharama ndogo. Zilikuwa meli za biashara, na miongoni mwa bidhaa walizohesabu ni viungo vya Asia na Waafrika waliouzwa utumwani. Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi kwa utumwa huo mwaka 2023.

Basi tumepatana: sitasema neno mpaka mtoto aulize vinu vilikuwa vya kazi gani. Kitinda mimba wetu ana miaka saba. Nadhani nitanyamaza dakika kumi.