Mamluki, Mshahara na Karatasi ya Mpwa Wangu

Kila msimu wa usajili wa wachezaji unapowadia, baraza zetu za Ukunda na Msambweni hugeuka kuwa ofisi za klabu. Mzee ambaye hajapata kumlipa mchunga mbuzi wake kwa wakati utamsikia akiitafutia Simba mshambulizi kutoka Kongo, na kijana anayekunywa kahawa ya deni huwauzia Waarabu winga wa Yanga. Usishangae, msomaji, kusikia majina ya Dar es Salaam kabla ya majina ya Nairobi. Kutoka Msambweni hadi mpaka wa Lunga Lunga si safari ya kufungia chakula, na ng'ambo ya mpaka iko Tanga, mji wa Coastal Union waliotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Nairobi iko zaidi ya kilomita 500. Mapenzi ya kabumbu nayo hufuata jirani.

Mimi ni shabiki wa miaka mingi, na nina maoni ambayo wenzangu wa barazani hawayapendi. Wao wakitaja nani kasajiliwa mwezi wa Julai, mimi huwauliza ikifika Februari, kelele zikiwa zimekwisha, ni nani atakuwa amelipwa mshahara wake na nani atakuwa anadai. Hunyamaza kidogo, kisha wanaagiza kahawa nyingine.

Hebu tupige hesabu, na wanafunzi watanisahihisha. Tuseme klabu ya Ligi Kuu ya Kenya ina wachezaji 28, na kila mmoja analipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, pesa ambazo mtu mwenye mke na watoto mjini hazimfikishi tarehe 30. Hizo ni shilingi 840,000 kila mwezi, kabla hujamlipa kocha wala dereva wa basi. Ligi ina timu 18, kwa hivyo kila klabu hucheza nyumbani mara 17. Tuseme tena kila mechi wanaingia watu 500, kila mmoja na shilingi 100 yake. Kwa msimu mzima utapata 850,000. Yaani mlango wa uwanja, mwaka wote, unalipa mshahara wa mwezi mmoja na kubakisha shilingi 10,000 za chai!

Miezi iliyobaki inalipwa na nani? Ndiyo maana utaona timu zenye utulivu ni zile zenye mwajiri nyuma yake: Bandari ina halmashauri ya bandari, Tusker ina kampuni ya bia, KCB ina benki. Tusker walitwaa ligi mwaka 2021 na 2022, na Polisi wakaitwaa mwaka 2025. Katikati hapo Gor Mahia, ambao shida zao za pesa zimeandikwa magazetini miaka nenda miaka rudi, walichukua 2023 na 2024. Hao wana moyo wa chuma na hesabu yangu haiwawezi. Lakini mwulize shabiki yeyote wa Gor au wa AFC Leopards jinsi alivyojisikia Agosti 2019, SportPesa ilipojiondoa katika udhamini na klabu zote mbili zikabaki zikihemea. Mwaka uliofuata beki Joash Onyango akatoka Gor kwenda Simba. Mimi simlaumu hata kidogo.

Kwa upande huu wa mpaka timu yangu ni Bandari. Msimu wa 2018/2019, chini ya kocha Bernard Mwalala, ambaye mwenyewe aliwahi kuvaa jezi ya Yanga, ilimaliza ya pili katika ligi, ikanyakua ngao ya SportPesa Shield, kisha ikaenda Kombe la Shirikisho la Afrika na kuitoa Ben Guerdane ya Tunisia. Sikuona katika kikosi kile jina la kutisha. Niliona watu waliozoeana. Halafu, kama Mdigo yeyote, hushika orodha ya wachezaji na kutafuta vijana wa Kwale. Feri ya Likoni huvusha maelfu ya watu kila siku, iweje ishindwe kuvusha winga mmoja?

Baadhi ya jibu liko kwetu wenyewe, nalo linaitwa mamluki. Mashindano ya vijiji yakitangazwa, hasa uchaguzi ukinukia na mheshimiwa akatoa jezi, mipira na dume la ng'ombe, viongozi wa timu huanza kupiga simu Mombasa. Ijumaa jioni wanavuka vijana wa Kisauni na Changamwe na viatu vyao begani. Watapewa nauli, sahani ya biriani na mia kadhaa. Orodha inayokabidhiwa kwa refa ina jina la Hamisi wa Gazi, lakini miguu inayokimbia uwanjani ni ya mtu asiyejua hata Gazi iko upande gani. Hamisi mwenyewe, aliyefanya mazoezi tangu baada ya Ramadhani, yuko kando ya mstari akishika chupa za maji. Timu inashinda, ng'ombe anachinjwa, mamluki wanapanda matatu, na Jumatatu kijiji hakina mchezaji hata mmoja aliyeonekana na kocha wa maana.

Wako watakaosema ni burudani tu, kwa nini nakunja uso. Nakunja uso kwa sababu ya daftari. Sheria za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya pesa hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23, kila moja kwa miaka yake. Victor Wanyama wetu alipotoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza mwaka 2013, magazeti yalitaja pauni milioni 12.5. Asilimia 5 ya fedha hizo ni pauni 625,000. Sasa fikiria timu ya Kinondo au ya Mwabungo iliyomlea kijana miaka mitano bila kuwa imesajiliwa na shirikisho, bila kumwandika popote, huku kila Desemba jina lake likiazimwa na mtu wa Kisauni. Itadai kwa ushahidi gani?

Haya yote nilikuwa nikiyasema kwa kujifurahisha mpaka mwaka huu, mpwa wangu alipoletewa karatasi.

Ni mtoto wa dada yangu wa Msambweni, ana miaka 17, yuko kidato cha nne na anacheza winga ya kushoto. Kwetu Wadigo mjomba si mgeni katika mambo ya mpwa, zamani hata urithi ulipitia kwake, kwa hivyo karatasi ililetwa kwangu kabla ya kutiwa sahihi. Ilitoka katika klabu moja ya Nairobi ambayo sitaitaja. Ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Ada ya kusaini ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito: shilingi 40,000. Muda wa mkataba ulikuwa miaka mitano. Na mahali pa mshahara palisema mchezaji atalipwa kulingana na hali ya klabu.

Dada yangu huuza samaki wa kukaanga, na paa la jiko lake linavuja. Shilingi 40,000 ni mabati, misumari na fundi, na chenji inarudi. Nami nilijua hivyo wakati nasoma. Kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka akiangalia mdomo wangu. "Mjomba," akasema, "hata Wanyama alianza hivihivi."

Nikamwambia sikatai aende. Nilichokataa ni miaka mitano, maana mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na hilo ni katika sheria hizohizo za FIFA. Na nikakataa ile "hali ya klabu". Barazani walinicheka. Mtie sahihi tu, walisema, akionewa si ataondoka?

Ataondokaje? Tangu 2018 sheria inasema klabu ikikosa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili bila haki, anaweza kuiandikia notisi, akaipa angalau siku 15, na isipolipa akavunja mkataba. Ni sheria nzuri. Lakini notisi ya kudai mshahara ambao kiwango chake hakikuandikwa, utaiandika vipi? Nikawakumbusha pia habari ya Feisal Salum wa Zanzibar, ambaye sote tulimfuatilia. Desemba 2022 aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 za Tanzania ili avunje mkataba wake, lakini Januari kamati ya shirikisho ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa bila kucheza mpaka jambo likafika midomoni mwa Rais Samia, na Juni 2023 ndipo akaenda Azam. Huyo alikuwa nyota wa taifa mwenye mamilioni ya kuweka benki. Mpwa wangu ana jozi moja ya viatu.

Mjumbe wa klabu hakufurahi, ila aliichukua karatasi. Baada ya wiki tatu akarudi na nyingine: miaka mitatu, shilingi 20,000 kwa mwezi, kuripoti baada ya mtihani wa kidato cha nne. Ada ya kusaini ilikuwa imeshuka hadi 25,000. Kijana alitaka kulia. Mimi niliona tumepiga hatua, nikampa dada yangu aisikilize nikimfasiria mstari kwa mstari.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga wa samaki, kisha akamgeukia mgeni. "Baba, mtoto akivunjika mguu huko, hospitali analipa nani?"

Mgeni akatazama ukurasa wa kwanza, akatazama wa pili. Pale palipohusu matibabu pana nukta nukta tu. "Mama, hilo tutazungumza na mwenyekiti," akasema, na kuomba arudi Jumamosi.

Dada amemwambia Jumamosi kuna harusi Gazi. Aje Jumapili, na aje na kalamu.