Bolti iliyozunguka bure

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi watatu tulioteremka kutoka kambi ya Kavumu kuja kujifunza ufundi wa magari Bujumbura. Tumekubaliana tuseme lile jambo la lifti, hata kama halitupendezi.

Garaji yenyewe iko Zone Industrielle, katikati ya mabohari na malori. Ilikuwa 2024, mafuta yalikuwa haba sana Burundi, magari mengi yamelala kwenye foleni na kazi kidogo. Patroni akanunua lifti ya nguzo mbili, mtumba. Sisi tuliozoea kulala juu ya katoni chini ya jeki, tukaona migongo yetu imepona.

Lifti ya namna hiyo haina kitu kinachoishikilia isipokuwa sakafu. Kila nguzo ina bolti 5 zinazoingia kwenye beto. Gari likipanda, uzito unazivuta nguzo ziinamiane, na bolti za nyuma zinavutwa kwenda juu. Bolti hizo zinapanuka ndani ya tundu ukikaza nati. Beto ikiwa nyembamba au tundu limejaa vumbi, hazina cha kukamata.

Fundi mkuu alitoboa mwenyewe. Kwenye nguzo ya kushoto mashine ilizama ghafla, ikatoka na mchanga mbichi. Akapangusa, akaendelea. Kukaza nati, mbili za nyuma zikazunguka tu, spana inaenda kama inakoroga chai. Akasema, "Gari likipanda zitajikaza." Tukaangaliana, tukanyamaza.

Mtatuuliza kwa nini. Kibali chetu cha kukaa nje ya kambi kilikuwa kimebakiza wiki mbili, na anayeandika barua ya kutuombea kingine ni patroni. Ndiyo hiyo tu, hakuna sababu nyingine.

Kesho yake ikapandishwa Probox, tani moja hivi. Aliyeingia chini kumwaga oili ni kijana Mrundi, mwanafunzi kama sisi. Siku ya kufunga bolti alikuwa ametumwa sokoni. Tulisimama pembeni tukijifanya tunapanga spana, macho kwenye bolti zile mbili. Gari likashuka salama. Halafu tukasikia kwamba asubuhi inakuja Hilux, karibu mara mbili ya uzito ule.

Usiku huo kule Buyenzi hatukulala vizuri. Mmoja wetu anajua Kiingereza kidogo, na alikuwa amepiga picha kitabu cha lifti kwa simu. Akasoma polepole: beto isipungue sentimita 15, isiwe na ufa karibu na bolti, na ikimwagwa mpya ingoje siku 28.

Asubuhi tulimkuta patroni getini. Alitukemea kwanza, akauliza tumekuwa mainjinia lini. Tukamwomba kitu kimoja tu: atuache tutoboe tundu moja kwenye kona. Tulikunja ncha ya waya, tukauingiza mpaka ukanasa chini ya beto, tukapima. Sentimita 7. Chini yake mchanga wa ziwa, maana upande huu wote ni tambarare ya Tanganyika. Patroni aliushika ule waya muda mrefu. Hilux ikatengenezwa chini, kwa jeki.

Tulivunja sakafu mahali pa kila nguzo, tukachimba, tukaweka nondo, tukamwaga beto ya sentimita 30. Siku 28 tukawa tunaimwagia maji kila asubuhi kama bustani ya mchicha. Mara ya pili matundu tuliyasugua kwa brashi na kupuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka vumbi likaisha. Nguzo tukazinyoosha kwa timazi, vibati vya chuma chini yake. Nati zikakaza mpaka mikono ikatetemeka. Baada ya wiki tukazirudia zote 10.

Barua patroni alituandikia. Fundi mkuu hadi leo anamsalimia mmoja wetu kwa shida.

Yule kijana wa Probox alituuliza siku tunachimba: "Mlijua tangu nilipoingia chini?" Tukamwambia ndiyo. Akachukua sururu, akaendelea kuvunja beto, na siku hiyo hakula na sisi.