Saa 2 za Bruxelles na Roma

Wanafunzi wetu hupenda kutuuliza: «Mwalimu, toka Bruxelles hata Roma ni mbali?» Swali ni dogo, lakini jibu lake lina mafundisho.

Tukipima juu ya ramani kwa mstari ulionyoka, tunapata kilometa 1,170 hivi. Mwenye kwenda kwa gari hupita kilometa 1,500 hivi, maana milima ya Alpes imesimama katikati. Akifuata njia ya Uswisi, huweza kupita chini ya mlima wa Saint-Gothard, katika barabara iliyochimbwa ndani ya mwamba kilometa 17 hivi, nayo ilifunguliwa mwaka 1980. Ndege haisumbuliwi na milima: Mont Blanc, ulio mrefu kupita yote ya Alpes, haufiki meta 5,000, na ndege huruka meta 10,000 hivi.

Sasa tufanye hesabu. Angani ndege hizo huenda kilometa 800 hivi kwa saa. Mwanafunzi atagawanya, aseme: «Saa moja na nusu.» Lakini tikiti husema saa 2 hivi. Kwa nini? Kwa sababu ndege hutambaa kwanza chini, hupanda kidogo kidogo, tena hupunguza mbio kabla ya kutua. Nayo hufuata njia za anga zilizowekwa, wala si mstari ulionyoka. Tena msafiri hutakiwa kufika uwanjani mapema; na uwanja wa Fiumicino uko kilometa 30 hivi kutoka katikati ya Roma. Basi, tangu kutoka nyumbani hata kubisha hodi kule aendako, ahesabu saa 6 hivi.

Hesabu hiyo imetugusa sisi wenyewe. Katika ukoo wetu yuko Sista anayekaa Roma, na mdogo wake anayefanya kazi Bruxelles. Walipitisha miaka minne bila kuonana. Kijana ana vyeti vyake na mshahara wake, lakini kila mara aliandika: «Roma ni mbali.» Baba yao, mzee aliye huku kwetu Kongo, alituomba tumwandikie. Hatukumgombeza; tulimwekea tu hesabu ile ile ya shuleni. Mwishoni mzee alituamuru kuongeza maneno yake: «Mwanangu, mimi nilitembea siku mbili kwa miguu nipate kubatizwa. Wewe utakaa kitini saa mbili tu.»

Siku ya Pasaka iliyofuata, ndugu hao walisali Misa pamoja Roma.

Wasomaji wapenzi, tusimcheke kijana yule. Wangapi kati yetu wana mgonjwa ng'ambo ya kijito, nao hawajamwamkia tangu mwezi mzima? Ramani hupima nchi, saa hupima mwendo. Lakini penye nia pana njia. Jumapili hii, baada ya Misa, kila mmoja afikiri ni mlango gani unaomngojea, kisha aondoke aende.