Nani Mwenye H?

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho (najua ndiko muendako nyote), kaa kitako kidogo nikusimulie kisa cha sarafu moja yenye tundu, ambayo iliitia nyumba yetu katika zahama likizo ya Agosti mwaka jana.

Kogo wetu ana mkebe mzee wa Kimbo anaouficha chini ya kitanda. Ndani yake mna kitambulisho cha marehemu babu, risiti za pareto zilizogeuka rangi ya chai, na senti kumi ya zamani. Ni shaba nyeusi, pana kuliko shilingi ishirini ya leo, imetobolewa katikati na kuzungukwa na pembe za ndovu. Imeandikwa EAST AFRICA na mwaka 1936. Halafu, ukiitazama kwa makini, utaona herufi moja ndogo kama chawa: H.

Hiyo H ndiyo iliyokuwa urithi wetu. Babu alikuwa skwota. Alikulia katika shamba la mzungu mmoja huku chini ya Mau, akikamua ng'ombe tangu hajaota ndevu. Jina la mzungu yule lilianza kwa H. Sitalitaja, kwa kuwa marehemu hawezi kujitetea. Inasimuliwa kwamba siku alipofungasha virago baada ya Uhuru, alimwita babu, akamtia senti hiyo kiganjani na kumwambia, "Chunga hii. Ina alama yangu. Watakaogawa mashamba wakiiona, watakujua." Babu aliichunga hadi kaburini, na shamba hakupata. Ekari mbili tulizo nazo alizinunua baadaye kwa jasho la pareto.

Basi mwaka jana baba mdogo alirudi kutoka Nakuru macho yakimwaka. Alikuwa amekutana na mtu aliyejiita wakili, ambaye alimwambia kwamba ushahidi kama huo una nguvu sana, bora aanze na elfu thelathini za kufungua faili. Elfu thelathini! Nyumbani kwetu pesa kama hizo zina miguu minne na mkia. Ilikuwa lazima auzwe mtamba wetu, ambaye alikuwa na mimba, na ambaye maziwa yake ndiyo yaliyotarajiwa kunilipia karo ya Kidato cha Tatu.

"Ng'ombe mmoja kwa ekari arubaini, kuna hesabu gani hapo?" baba mdogo akauliza. Hakuna aliyemjibu. Kogo alinikabidhi senti ile, akanituma niinakili maandishi yake yote kwa usahihi ili wakili apelekewe. "Wewe ndiye unajua Kizungu," akasema.

Kumbe hata Kizungu hakikuwa. Niliporudi shuleni niliazima lenzi kutoka maabara ya Fizikia, nikasoma EDWARDVS VIII REX ET IND: IMP. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa Historia. Alicheka hadi miwani ikamteleza puani.

"Huyu mfalme wako," akasema, "hakumaliza hata mwaka."

Akanieleza. Edward wa Nane alirithi kiti Januari 1936, na Desemba 11 mwaka uo huo akakiacha ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ametalikiwa. Kwao Uingereza sarafu zenye kichwa chake hazikutolewa kwa umma. Zetu zilipigwa kwa sababu zina tundu: mahali pa kichwa ni upenyo, basi jina tu likatosha. Ndivyo mfalme aliyekosa kuonekana katika peni za nyumbani kwake alivyoingia katika mkebe wa Kimbo hapa Keringet. (Sisi nasi tumeondoa vichwa. Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu kwenye pesa, na ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu.)

"Na hii H, mwalimu?"

"Hiyo itafute mwenyewe. Kwanza jiulize: iko kwenye senti yenu tu?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Wengi wenu mtakumbuka nilivyosimama mbele ya gwaride, miguu ikitetemeka, nikaomba kila mwenye nyanya ajaribu kumwazima senti yenye tundu. Mlinicheka, lakini mlileta. Nilipata kumi na nne. Moja ilitoka Olenguruone ikiwa imepigiliwa msumari wa mabati, moja ilikuwa kwenye mkufu wa shanga, nyingine ilitoka Molo, Londiani na hata Homa Bay. Nilizipanga juu ya dawati usiku wa preps. Tano zilikuwa na H. Tatu zilikuwa na KN. Moja ya wakati wa Vita vya Pili ilikuwa na SA. Tano hazikuwa na herufi yoyote.

Ile ya Homa Bay ndiyo iliyonimaliza. Mwenyewe alisema nyanya yake aliipata kwa kuuza samaki. Ilikuwa na H, tena ya mwaka 1964, haina jina la mfalme hata mmoja. Mzungu wa babu, ambaye wakati huo alikuwa mbioni kuondoka ama amekwisha ondoka, angepataje kutia alama yake kwenye pesa za muuza samaki wa Nyanza?

Mwalimu alinifungulia katalogi ya sarafu kwenye simu yake, tukasoma pamoja. H ni Heaton. Ralph Heaton alikuwa fundi wa mji wa Birmingham. Mwaka 1850, mitambo ya kiwanda cha Soho iliponadiwa, aliinunua na kuanza kupiga sarafu. Soho kilikuwa cha Matthew Boulton, yule mshirika wa James Watt tunayemsoma katika Mapinduzi ya Viwanda. KN ni King's Norton Metal, kampuni nyingine ya huko huko. SA ni Pretoria. Zisizo na herufi zilipigwa London. Herufi ilionyesha ni kiwanda gani kimepiga, basi. Pesa zenyewe zilikuwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 ikiwa na makao yake London, ikahamia Nairobi mwaka 1960.

Nilitamani kujua kalibu zenyewe ziko wapi, nani anazimiliki sasa. Wacha tu. Kila mlango niliobisha nilikuta mwenyeji amekwisha hama. King's Norton ilikuwa imemezwa, ikawa sehemu ya Imperial Chemical Industries mwaka 1926. Yaani miaka kumi baadaye, senti za 1936 zilikuwa bado zinapigwa chapa ya kampuni iliyokwisha badili mwenyewe! Kiwanda cha Heaton kilifungwa mwaka 2003. Bodi nayo ilitupisha tukapata Benki Kuu yetu mwaka 1966. Mfalme, fundi, bodi, wote wameondoka. Iliyobaki ni H tu, nasi tulitaka kuiuzia ng'ombe.

Sasa kusema. Ndugu msomaji, mtihani wa Hesabu ni mchezo ukilinganisha na kuwaambia wazee wako kwamba walichokilinda miaka sitini ni senti kumi. Nilifika nyumbani Ijumaa ya hafutamu. Baba mdogo alikuwa tayari ameleta mnunuzi, mtu wa buti za mpira, anamzunguka mtamba akimpapasa mbavu. Nilimwaga zile senti tano zenye H juu ya meza, moja baada ya nyingine, bila kusema kitu, kwa sababu koo lilikuwa limekauka.

"Hizi ni nini?" akauliza.

"Ni H, baba mdogo. Zimetoka kila mahali."

Nikaeleza yote. Alinikatiza mara tatu. Alisema shule imenitia kiburi, alisema vitabu viliandikwa na wazungu hao hao, kwa hivyo vitasemaje ukweli? Neno hilo la mwisho sikuwa na jibu lake, na hadi leo nalifikiria. Mnunuzi aliona mambo yameharibika, akaaga kwa heshima na kwenda zake.

Kogo hakuwa amefungua kinywa. Alizichukua zile tano, akazitazama kwa zamu karibu na dirisha, kisha akatoa ya kwake na kuiweka kati yao. Alizichanganya. Alipojaribu kuitambua ya babu, hakuweza.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "yule mtu alimkamulisha mzee wangu miaka yote ile, akampa senti kumi."

Mtamba alizaa mwezi wa Machi, ndama jike mwenye kipaji cheupe. Senti zenu kumi na nne nimewarudishia wenyewe, ingawa siwezi kuapa kila nyanya alirudishiwa ya kwake. Baba mdogo bado hajanisalimia.